Hereni Sikioni Haisemi Kirusi Kiko Wapi

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, habari za mifugo zinazotufikia huku Mtwara na Lindi zimekuwa za namna moja: dozi ngapi zimefika, mbuzi wangapi wamechomwa, ng'ombe wangapi wamevishwa hereni za utambuzi. Ni habari njema, sina ugomvi nazo. Serikali kubeba nusu ya gharama ya chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kuwachanja kuku wa asili bure, si jambo dogo kwa kaya ambayo mbuzi wake watatu ndio benki yake. Ugomvi wangu ni na tafsiri iliyoota juu ya kampeni hiyo, ambayo naisikia kwa viongozi na kwenye vijiwe vya kahawa vilevile: kwamba mifugo ikishachanjwa suala la kupima limekwisha, na shilingi iliyobaki iende kwenye sindano. Mimi naona kinyume. Chanjo imeongeza haja ya kupima, na zaidi ya hapo imebadilisha kitu cha kupimwa. Tusipolielewa hilo mapema, tutakuwa na mifugo iliyovaa hereni na kirusi kinachopita katikati yake bila mtu kukiona.

Nianze na sotoka ya mbuzi na kondoo, wataalamu wanaiita PPR, kwa kuwa ndiyo iliyotuumiza. Kirusi chake ni ndugu wa kile cha sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hapa nchini PPR ilithibitishwa mwaka 2008, kaskazini, upande wa Ngorongoro. Ukitazama ramani utasema Newala, huku kwetu Mtwara, iko mbali mno na Ngorongoro, na kwa miguu ya mbuzi ni kweli iko mbali. Lakini haukupita muda ugonjwa ukawa umefika Newala na Tandahimba, na mwaka 2011 Tandahimba ilipata mlipuko ambao watafiti waliuandika kwa kina. Waliofuatilia chanzo walielekeza kidole kwenye mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wakaletwa Newala. Kirusi hakikuja kwa upepo. Kilinunuliwa mnadani kama bidhaa nyingine, kikapakiwa kwenye lori, kikashushwa kijijini na watu wakakipokea kwa furaha. Novemba 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikwishatoa tahadhari kwamba ugonjwa huo ukivuka kutoka Tanzania unaweza kusambaa kusini yote ya Afrika. Anayeishi kando ya Ruvuma anaelewa tahadhari hiyo ilimaanisha nini: sisi ndio mlango, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe pale Mtambaswala mwaka 2010, mlango ni mpana zaidi.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe, maana hapa ndipo watu huchanganya mambo. Maabara huuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: je, mwili wa mnyama huyu umewahi kukutana na kirusi? Hilo hujibiwa kwa kutafuta kingamwili kwenye majimaji ya damu, na kipimo kinachotumika zaidi ni ELISA. Ni cha bei ya wastani, kinapima sampuli nyingi kwa mkupuo, na damu huvumilia safari. La pili: je, kirusi kipo ndani yake leo? Hilo hujibiwa kwa kutafuta vinasaba vya kirusi kwenye makamasi, machozi, damu au kipande cha nyama ya ndani, kwa kipimo cha PCR. Kabla ya chanjo, swali la kwanza lilikuwa na faida kubwa. Mbuzi wa Nanyumbu ambaye hajawahi kuchomwa chochote akikutwa na kingamwili za PPR, jibu ni moja tu: kirusi kimepita hapo. Baada ya chanjo, jibu hilo limekufa. Chanjo ya PPR iliyozoeleka hutokana na kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwili wa mbuzi huitikia kwa kingamwili zilezile ambazo angezitengeneza kwa ugonjwa. Kwa kipimo cha kawaida, aliyechanjwa na aliyeugua akapona ni mapacha. Anayesoma karatasi ya majibu hawezi kuwatenganisha.

Ugonjwa wa miguu na midomo hauko hivyo kabisa. Kwa ng'ombe, chanjo iliyosafishwa vizuri huacha nje protini ambazo kirusi huzizalisha kinapozaliana mwilini, kwa hiyo kipo kipimo kinachoweza kusema huyu ameambukizwa kweli, hii si chanjo. Ila ugonjwa huo una fumbo lake: virusi vyake ni vya aina saba, na chanjo ya aina moja haimkingi ng'ombe dhidi ya nyingine. Hapa Tanzania aina ya O, A, SAT 1 na SAT 2 zote zimewahi kuonekana. Mfugaji wa Kilwa au Liwale akinunua chanjo bila mtu kujua ni aina gani inayozunguka, anaweza kutoa fedha yake halali kwa kinga isiyomhusu. Na homa ya nguruwe ya Afrika haina hata anasa hiyo. Wafugaji wetu wa nguruwe hawana chanjo ya kukimbilia, kipimo ndicho silaha yenyewe, pamoja na kufunga banda. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "chanjo imeshakuja", muulize ya nani na ya nini. Hata katika kampeni hii, ng'ombe wanachanjwa dhidi ya homa ya mapafu, ambayo si ya virusi.

Tatizo la swali la pili, lile la kutafuta kirusi chenyewe, ni kwamba lina haraka. Mbuzi mwenye PPR huanza na homa, kisha makamasi, macho kuvuja, vidonda vya mdomo, kuhara na kukohoa, na wengi wanaokufa hufa ndani ya siku kumi hivi. Sampuli nzuri ni ya siku za mwanzo, makamasi yakiwa bado mepesi. Halafu vinasaba vya kirusi hiki huharibika upesi kwenye joto, na joto la pwani yetu hatuhitaji kuelezwa. Msimu mmoja wa mabibo, matunda ya mkorosho, nilikuwa Tandahimba na afisa mifugo wa kata, chini ya mkorosho, mbuzi jike amebanwa katikati ya magoti ya kijana mmoja. Afisa alivuta kope la chini, akapitisha kijiti cha pamba taratibu, akakizungusha, akakivunjia ndani ya kichupa. Barafu ilikuwa ya mfuko, ile ya kugandishwa kwenye friji za watu, ameinunua kwa muuza samaki. Bibi mwenye mbuzi alikuwa na uchunguzi wake tayari: "Huyu amevimbiwa mabibo tu, baba." Baadaye, tulipokuwa tunafunga kisanduku, akauliza swali ambalo sijalisahau: "Hayo makamasi unayoondoka nayo, majibu nitaletewa na nani?" Hayakuletwa na mtu. Nilikuja kusikia kwamba kisanduku kilikaa siku mbili katika ofisi moja kikingoja gari lenye mafuta, na barafu ilikwisha siku ya kwanza.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni mzunguko usio na lazima. Hoja yao ina uzito na haifai kuibeza. Afisa mifugo mwenye miaka ishirini kazini, wanasema, akiona mbuzi kumi kwenye zizi moja wana makamasi, vidonda na kuhara, hahitaji mashine imwambie. Afunge njia, achanje wa jirani, amalize. Wakati wa mlipuko mimi namuunga mkono afisa huyo: asisubiri karatasi. Lakini dalili hizo hazina mwenyewe mmoja. Homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo husababishwa na bakteria na hutibika kwa dawa, hukohoza mbuzi vilevile. Vidonda vya mdomo vinaweza kuwa vya ugonjwa mwingine wa virusi kabisa. Huku kwetu tuna pia walaumiwa wa ziada: kuanzia Juni watu wanapopulizia mikorosho salfa, mbuzi akitoa machozi salfa hubeba lawama, na mabibo yakianza kuanguka, mbuzi akihara mabibo hubeba lawama. Mara nyingi lawama ni ya haki, na ndiyo maana siku isiyo ya haki hupita bila kugundulika. Tena chanjo yenyewe huukoroga mchezo zaidi: katika kundi lililochanjwa nusu, ugonjwa hauui kumi kwa mpigo. Unaua wawili watatu, wengine wanakohoa kidogo na kupona. Jicho la mzoefu limezoea sura kali ya ugonjwa, na sasa sura hiyo inafifia.

Hoja ya pili ni ya fedha. Kila shilingi ya PCR, wanasema, ingechanja mbuzi kadhaa. Ni hesabu ya kweli kwa mbuzi mmoja mmoja, lakini hakuna anayependekeza kumpima kila mbuzi. Kwa kila tukio la ugonjwa, sampuli za wanyama wachache walio katika hatua ya mwanzo zinatosha kulipa tukio jina. Na historia ya ndugu yake, sotoka ya ng'ombe, inawahukumu wanaofikiri sindano peke yake hufika mwisho wa safari. Nchi zilichanja kwa miongo, na mwishoni zikalazimika kuacha kuchanja ili ziweze kuona kama kirusi bado kipo. Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa cha nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Tangazo la kutokomezwa lilichukua miaka kumi zaidi, na kazi kubwa ya miaka hiyo ilikuwa kutafuta na kutokupata. Dunia imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kuimaliza PPR kwa njia hiyohiyo: kuchanja kwa nguvu, kisha kuacha, kisha kuthibitisha. Nchi haipewi cheti cha kutokuwa na ugonjwa kwa kuhesabu dozi ilizotoa.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: heri tusijue. Jibu likitoka kuwa ni PPR au homa ya nguruwe, karantini inakuja, mnada unafungwa, bei inaporomoka, na mfugaji hana uhakika kuwa kuna atakayemfidia. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka atoe taarifa, lakini tumbo nalo lina sheria zake. Mwenye nguruwe aliyeona wawili wamelala hawali, jioni hiyohiyo ataita mchinjaji, na kirusi cha nguruwe hukaa kwenye nyama muda mrefu, kinasafiri na kitoweo. Simwiti mtu huyu mhalifu. Nasema tumemwekea mizani ambayo upande mmoja una hasara ya hakika na upande wa pili hauna kitu, hata ule ujumbe mfupi wa simu wa kumwambia kilichoonekana kwenye sampuli yake. Yule bibi wa Tandahimba hakukataa mbuzi wake apimwe. Alitaka kujua kama na yeye yumo kwenye orodha ya watakaojua.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba kusini si nchi ya wafugaji, ng'ombe wako Shinyanga na Simiyu, kwa hiyo maabara nzito ziende huko. Hoja hii ilikuwa na ukweli kidogo miaka arobaini iliyopita. Wafugaji walipoondolewa Ihefu na bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa Lindi. Leo ukipita vijiji vya Kilwa utasikia Kisukuma na Kimang'ati sokoni, na migogoro ya wakulima na wafugaji imekuwa habari ya kila kiangazi. Lakini hata tukiikubali, hoja inajipiga yenyewe. Mahali penye mifugo michache ambayo haijawahi kukutana na ugonjwa ndipo kirusi kigeni hukuta nyasi kavu. Tandahimba haikuhitaji kuwa Shinyanga ili iungue. Na kusema kila sampuli iende maabara ya Temeke, Dar es Salaam, ni kusahau barabara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, njia ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika eneo la Somanga na magari yakalala. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo chake cha kanda hapa Mtwara, na swali la kuwauliza wanaopanga bajeti ni kama kituo hicho kinaweza kumaliza jibu la kirusi chenyewe bila kutegemea basi la usiku.

Wengine wameona mkato: vipimo vya haraka, vinavyofanana na vile vya malaria vya zahanati. Tone la machozi ya mbuzi, dakika chache, mistari miwili. Kwa PPR vipo, na mimi ningependa kila kata ya Newala, Masasi na Nachingwea iwe navyo, kwa sababu vinaondoa adha ya barafu kwenye uamuzi wa kwanza. Ila visipewe kazi isiyo yao. Kipimo cha haraka hukamata vizuri pale kirusi kinapokuwa kingi, na katika kundi lililochanjwa, ambako ugonjwa umepoa, kirusi si kingi. Mstari mmoja kwa mbuzi mmoja hausafishi zizi. Pia hakisemi kirusi kimetoka wapi. Virusi vya PPR vina koo nne, na kusoma vinasaba vyake ndiko kunakoweza kutuambia kama kilichotokea Mangaka kimekuja na lori la Pugu au kimevuka Ruvuma, au kama ni kile cha chanjo yenyewe kilichookotwa kwa mnyama aliyechomwa juzi.

Tukikubali kwamba kitu cha kupimwa kimebadilika, yako mambo yatakayofuata. Hereni, kwanza, inapata maana mpya. Kwenye vitabu vya kampeni ni alama ya kazi iliyokwisha. Kwa mtu wa maabara ni swali: mbuzi mwenye hereni akikutwa na kirusi kibichi, basi huenda alichomwa akiwa tayari ameambukizwa, au huenda chanjo ilikuwa imeshakufa kwa joto kabla haijafika shingoni mwake. Chanjo ya PPR ikitunzwa vizuri hukinga kwa miaka isiyopungua mitatu kwa sindano moja, kwa hiyo kushindwa kwake si jambo la kupuuza, ni taarifa kuhusu majokofu yetu. Kile kipimo cha kingamwili nacho, ambacho nimekisema vibaya hapo juu, hakifai kutupwa. Kimebadilishiwa kazi. Wapime waliochanjwa mwezi mmoja baadaye, utajua chanjo ilishika kwa wangapi. Na wapime vitoto vilivyozaliwa baada ya kampeni, vilivyovuka miezi sita hivi hata kinga ya maziwa ya mama ikawa imekwisha, na ambavyo havijachomwa: hao wakikutwa na kingamwili, kirusi kinazunguka, haijalishi takwimu za dozi zinasemaje. Hao ndio mashahidi wetu. Lakini shahidi huyo anapatikana tu kama kampeni inaandika nani amechomwa na nani hajachomwa, na kama wasiovaa hereni hawafukuzwi kwenye hesabu.

Njia ya taarifa tunayo, tumeshaitumia. Mradi wa majaribio wa kudhibiti kichaa cha mbwa ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010 ulizihusisha Lindi na Mtwara, na wahudumu wa afya na maafisa mifugo walituma taarifa za watu walioumwa na mbwa kwa simu za kawaida za mkononi. Taarifa zilifika. Simu ileile inaweza kurudisha jibu kwa mwenye mbuzi, na nadhani kurudisha jibu kungefanya kazi kubwa zaidi ya kuongeza taarifa kuliko semina kumi za uhamasishaji. Ripoti ya mifugo inayoletwa kwenye baraza la madiwani nayo ingeongezwa safu mbili: matukio ya ugonjwa yaliyochukuliwa sampuli, na siku zilizopita hadi jibu kumfikia mwenye mnyama.

Kipindi cha kwanza cha kujaribu haya kinajulikana kwa tarehe. Mnada wa korosho huanza Oktoba, malipo ya stakabadhi ghalani yakiingia watu hujenga, huoa, hununua pikipiki, na hununua mbuzi. Malori yatapandisha uwanda wa Makonde yakiwa na wanyama wa minada ya mbali, wenye vibali na wasio na vibali, wengine na hereni masikioni. Watakaoshushwa Kitangari na Newala watachanganywa siku hiyohiyo na vitoto vya Mei na Juni ambavyo kampeni haikuvikuta, na ambavyo kufikia Desemba na Januari vitakuwa vimemaliza kinga ya mama zao. Afisa wa kata mwenye vijiti vya pamba, vichupa, na fedha ya barafu mfukoni, awe amefika kabla ya lori la pili.